Ukuta Mmebomoa, Bimu Iko Wapi?

Wacha niseme hii hata kama nitapoteza wafuasi: sisi tunaotengeneza video za nyumba tunadanganya watu. Sekunde ya kwanza, ukuta kati ya jikoni na sebule. Nyundo, vumbi, muziki. Sekunde ya kumi, nafasi kubwa, kaunta ya granaiti, taa za jipsamu. Na ile ghorofa ya juu sasa imeshikiliwa na nini? Hapo hatuonyeshi.

Niliposti moja kama hiyo. Nyumba ya mawe, vyumba vya kulala juu. Komenti zilikuwa moto. Miezi michache baadaye mwenye nyumba akaniandikia: mlango wa chumba cha juu haufungi, na kuna ufa unapanda ukutani. Huyo mama alilipia jipsamu bila kulalamika. Pesa ya injinia ndiyo aliambiwa ni ya kutupa. Mimi nami sikuuliza. Niliuliza rangi ya kabati.

Jameni, ukuta unaobeba slabu ukiutoa, uzito hauendi likizo. Bimu inauchukua na kuupeleka kwenye ncha zake mbili, kwa hivyo hata hizo ncha lazima zikalie kitu kigumu, si jiwe lililopasuka likapakwa simiti. Na kabla nyundo iguswe, nguzo za muda za chuma zinasimamishwa pande zote mbili za ukuta kushika slabu. Bimu ikiwa ya zege, vyuma vinene vinakaa upande wa chini, kwa sababu hapo ndipo inavutwa ikilemewa. Pengo lililobaki kati ya bimu na slabu linashindiliwa mota kavu mpaka lijae. Ukiliacha wazi, slabu itashuka yenyewe kuitafuta bimu.

Halafu subira. Nguvu ya zege hupimwa ikiwa na siku 28. Kwa ile nyumba nguzo ziliondolewa wiki hiyo hiyo, ati ni za kukodi na mwenyewe anazitaka.

Najua mtaniambia fundi wenu ana miaka 20 kwa mjengo. Sawa, namheshimu, na bimu atakujengea safi. Lakini ukubwa wake na idadi ya vyuma ni hesabu, si mazoea. Ukiongeza upana wa uwazi mara mbili, na uzito wa kila mita ukibaki ule ule, nguvu ya kuipinda bimu inakuwa mara nne. Mara nne! Kwa hivyo "ile niliweka kwa jirani ilikaa poa" si jibu. Tafuta injinia aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi, umuombe namba yake ya usajili bila aibu, na upate kibali cha kaunti. Kama bajeti haitoshi hayo, ukuta ubaki. Jikoni iliyofungwa haijaua mtu.

Majengo yakianguka tunaposti mishumaa, kesho yake tunarudi kuposti nyundo.

Ile video nimeitoa. Yule mama amerudisha nguzo sebuleni, zimezunguka kaunta yake ya granaiti, na chumba cha juu hakuna anayelala akingoja injinia amalize hesabu. Nilimuomba nipige picha hizo nguzo niwaonyeshe. Amekataa, na siwezi kumlaumu.