Msimgeuze Rafiki Yenu Kuwa Benki ya Likizo

Tulikuwa sita, tunajuana tangu chuo, na mpango ulikuwa mtamu: treni kutoka Nairobi hadi Voi, siku moja ndani ya Tsavo Mashariki, treni tena hadi Mombasa, halafu gari la kukodi litupeleke Watamu na kuturudisha hadi Diani. Siku saba. Kila mtu alikubali kuchanga 22,000, pole pole kuanzia Septemba, na zote 132,000 zikawa zinaingia kwenye laini ya rafiki mmoja. Tulimpa cheo cha mhazini kwa sababu ndiye aliyekuwa wa kwanza kujibu kwenye group ya WhatsApp. Basi.

Maoni yetu leo, na tunajua kuna watakaosema tumezidisha, ni kwamba pesa ya safari ya kikundi haifai kukaa kwenye laini binafsi ya mtu yeyote. "Lakini sisi tunaaminiana." Hata sisi tulikuwa tunaaminiana, na mpaka leo tunajua hakuna aliyeiba chochote.

Mhazini wetu alikuwa na deni la 4,800 la ule mkopo wa simu unaoziba pengo salio likiisha. Wengi wetu huwa nalo, si dhambi. Lakini mkopo wa aina hiyo haungoji uamue siku ya kulipa. Pesa ikiingia kwenye laini, deni linakatwa kwanza. Mfumo haujui kama hiyo ni mshahara wako, mchango wa matanga au nauli ya mtu mwingine. Mchango wa kwanza wa 6,000 ulipoingia, zikabaki 1,200. Akaona aibu kutuambia. Akajiambia atajaza pengo mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ukaja na mambo yake, kodi ya nyumba na karo ya mdogo wake.

Tuligundua tukiwa kwenye lango la Tsavo, pale karibu na Voi. Mbuga za KWS hazipokei noti, malipo ni kwa njia ya kidijitali kupitia eCitizen. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, dereva wa van anangoja, na simu inatuambia salio halitoshi. Mmoja wetu alilipa kwa pesa aliyokuwa ameweka ya kodi ya Januari. Ndovu tuliwaona, wekundu kwa udongo wa Tsavo, na picha tunazo. Lakini ukitazama nyuso zetu kwenye hizo picha utadhani tunatoka mazishini.

Siku hiyo tulimlaumu yeye. Ilituchukua wiki kadhaa kukubali kwamba lawama ni ya wote sita. Tulimpa mtu mmoja pesa za watu sita, kwenye laini anayonunulia unga na kulipia stima, bila hata kumuuliza kama hiyo laini ina deni. Hakuna chama cha akina mama mtaani kinachoendeshwa hivyo. Wao wana mhazini, wana katibu, wana daftari. Sisi wenye digrii tulikuwa na emoji za kushangilia.

Siku hizi tunagawanya matumizi kwa kujiuliza swali moja: malipo haya yanabeba jina la nani?

Tiketi ya treni inabeba jina lako. Madaraka Express inakata tiketi kwa jina na namba ya kitambulisho, na stesheni wanakagua. Kwa hiyo kila mtu ajinunulie, kwa *639# au mtandaoni, na alipe kwa simu yake mwenyewe. Tangu Januari 2024 nauli ya Nairobi hadi Mombasa ni 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Anayechelewa atakosa kiti peke yake, na Disemba viti huisha haraka. Na kama mnataka kushuka Voi kama sisi, kumbukeni tiketi ni ya kituo hadi kituo. Nunua ya kufika Voi, kisha nyingine ya Voi hadi Mombasa, na angalia kwamba treni unayochagua inasimama hapo. Ile ya asubuhi ya vituo vya kati ndiyo tuliyotumia.

Gari la kukodi ni hadithi nyingine kabisa. Mnapanda sita, lakini mkataba una sahihi ya mtu mmoja, na depositi inatoka kwenye simu ya mtu mmoja. Hapa ndipo urafiki unavunjika, wala si kwenye bili ya hoteli.

Sisi tulichukua gari la viti saba pale Mombasa, depositi 30,000. Gari lilitufaa sana, hilo lazima tuseme. Stesheni ya Miritini iko mbali na mji, na ukiwa na gari unaamua mwenyewe: leo magofu ya Gedi, kesho Mida Creek, na siku ya kwenda kusini barabara ya Dongo Kundu inakufikisha upande wa Diani bila kungoja feri ya Likoni. Lakini tuliporudisha gari, mwenyewe akaonyesha mkwaruzo kwenye bampa ya nyuma, na 8,000 zikakatwa. Aliyekuwa anaendesha anasema ulikuwepo tangu mwanzo. Aliyetia sahihi hakupiga picha siku ya kuchukua. Wawili wakasema alipe dereva. Wawili wakasema tugawane, yaani 1,333 na ushee kila mtu. Fikiria, watu waliofahamiana miaka sita wanagombania pesa ya kuku wawili. Zile 22,000 zilizobaki zilirudishwa kwenye laini iliyozituma, ile ile ya mhazini, na tunafikiri unajua tayari kilichofuata. Alikuwa amekopa tena njiani kuziba mapengo yetu.

Group ilinyamaza hadi Machi.

Kwa hiyo, kile kinachobeba jina la mmoja na kutumiwa na wote kiwekewe pesa mahali pa wote kabla ya safari. Akaunti ya kikundi kwenye simu, ambayo pesa haitoki mpaka mtu wa pili aidhinishe, ndiyo bora. Ikishindikana, tumieni laini ya pembeni isiyo na mkopo wowote, na mhazini atume taarifa ya akaunti kwenye group kila Ijumaa bila kuombwa. Depositi ihesabiwe kama pesa ambayo huenda isirudi. Kabla ya kuondoka, andikeni kwenye group, kwa maneno mepesi, nani atalipa gari likipata mkwaruzo, na kila mtu ajibu "nimekubali". Sisi tumeamua mkwaruzo ni wa wote, faini ya mwendo kasi ni ya aliyeshika usukani. Ninyi mnaweza kuamua vingine, mradi mmeamua mkiwa bado mnacheka.

Mwulizeni mwenye gari pia bima inalipa kuanzia kiasi gani na nani anaruhusiwa kuendesha, kwa sababu dereva ambaye hajaandikwa kwenye mkataba anaweza kuwaacha bila bima. Pigeni video ya gari lote, ndani na nje, mwenye gari akiwa hapo. Na kama mtu aliyetangaza gari mtandaoni anataka depositi itumwe kwenye namba ya mtu binafsi kabla hamjaona gari, someni jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuthibitisha malipo. Jina likiwa tofauti na la kwenye mkataba, acheni. Kuna magari mengi Mombasa.

Jambo moja ambalo huenda kampuni ya malipo haifai kusema: msitumiane pesa kwa kila soda. Tulijaribu Watamu. Madafu, 200 huku, mahamri, 150 kule, na kila mara ada inakatwa. Zaidi ya ada, inachosha. Mtu anashindwa hata kufurahia samaki wake kwa sababu anahesabu. Wekeni kiasi kidogo cha kila siku kwenye mfuko wa wote, kikiisha mmekula vya kutosha.

Pasaka tunapanga kusafiri tena, sita wale wale. Tulimwomba mhazini wetu arudi kazini, akakataa katakata. Amekubali kuwa yule wa pili wa kuidhinisha, na juzi amekataa ombi la kwanza kabisa kwa sababu hatukuweka risiti.