Kabla ya Kuliinua Gari la Zamani

Zipo familia nyingi katika miji yetu ambazo gari lao pekee ni Land Rover, Suzuki au Toyota Land Cruiser ya zamani, iliyonunuliwa kwa akiba ya miaka mingi. Siku za kazi gari hilo humfikisha baba kazini na watoto shuleni. Ikifika Jumamosi hupakia mbegu, mbolea na ndugu watatu wanne, likaelekea shambani Kisarawe, Mkuranga au Kilosa. Masika yanapoanza mwezi wa Machi, vipande vya mwisho vya njia ya shamba hugeuka tope, magurudumu yakachimba mifuo miwili, na tumbo la gari likawa linakwaruza tuta lililobaki katikati. Hapo ndipo mwenye gari huanza kushawishika. Jirani humwambia kwamba gari likiinuliwa inchi nne taabu zote zimekwisha, na fundi wa mtaani humwahidi kuimaliza kazi hiyo kwa siku moja na kwa fedha kidogo.

Juma hili nataka tuutazame ushauri huo kwa makini, maana hizo fedha kidogo aghalabu ndizo karo ya mtoto, na gari lenyewe ndilo linalombeba mtoto huyo.

Nitazungumza juu ya magari yenye springi za bapa, yaani vile vyuma virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa pamoja katikati. Ndizo springi za Land Rover zote za Series, zilizokoma kutengenezwa mwaka 1985; za Suzuki ndogo za aina ya SJ, kuanzia ile ya mwaka 1981; na za Land Cruiser nyingi za kazi za namba 70 zilizotoka kati ya 1984 na 1999. Baada ya hapo Toyota iliweka springi za mviringo mbele na kuacha za bapa nyuma.

Liko jambo ambalo wauzaji wa vipuri hawalitaji sana. Kuinua springi hakuinui difu. Difu imo ndani ya ekseli, na ekseli imeshikwa na magurudumu, wala haijui springi iliyo juu yake au chini yake ina urefu gani. Basi ukiwa unagonga difu kwenye mawe, hata ukiliinua gari futi nzima utaendelea kuigonga pale pale. Kinachoinua difu ni tairi kubwa zaidi peke yake, na huko pia faida ni nusu tu ya unavyodhania. Chukua mfano wa tairi ya 205/70R15, ambayo kimo chake ni kama milimita 668. Ukiiondoa na kuweka ya 235/75R15, yenye kimo cha milimita 733 hivi, umeongeza milimita 65. Lakini ekseli iko katikati ya gurudumu, kwa hiyo difu imepanda milimita 33 tu, inchi moja na kidogo.

Kinachopanda kwa springi ni chasisi na vyote vilivyofungwa juu yake: gia boksi, tangi la mafuta, bampa la mbele na la nyuma. Gari huweza kuingia na kutoka mtaroni bila kuchoma pua ardhini, na tairi kubwa hupata nafasi chini ya madigadi. Hizo ni faida za kweli, ila si kila gari linazihitaji.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, tandika gunia ulale chini ya gari lako, utazame mikwaruzo iko wapi. Ikiwa iko kwenye difu na kwenye boliti zinazofunga springi, fedha zako ziende kwenye tairi. Ikiwa iko kwenye chasisi, kwenye gia boksi au chini ya bampa la nyuma, springi ndizo zenye kesi. Na ikiwa hakuna mikwaruzo popote, lakini gari hukwama kila masika, basi gari halikukwama kwa ufupi. Limekwama kwa kuwa tairi zimekwisha meno. Nimeona magari marefu kama minara yakizungusha tairi vipara kwenye udongo mweusi wa mbugani, huku pikapu fupi yenye tairi nzuri ikipita kando.

Baada ya hapo chukua futi kamba. Liegeshe gari mahali palipo sawa, halina mzigo wala abiria, upime kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne, ukaandike. Linganisha kulia na kushoto, kisha ulinganishe na kitabu cha gari, au na gari jingine la aina hiyo hiyo ambalo springi zake bado nzima. Wengi hugundua kwamba gari lao limeshuka inchi moja au mbili tangu lilipotoka kiwandani. Springi iliyokuwa imepinda kama upinde sasa imenyooka kama rula, pengine hata imebonyea upande wa pili.

Mwenye gari wa namna hiyo hatafuti kimo kipya; anadai kile alichopoteza. Nakushauri ukidai kwanza. Gari likirudishwa kwenye kimo chake cha asili, propela shafti, usukani na mipira ya breki vyote hubaki katika pembe vilivyoundiwa, na hakuna kinachohitaji kubadilishwa zaidi. Wapo watakaokuta kwamba wamemaliza hapo.

Namna ya kuzirudisha ni tatu: kununua springi mpya, kununua zilizotumika, au kuzikunja upya zile zile. Hii ya tatu ndiyo rahisi kwa bei, na ndiyo yenye hila nyingi. Chuma cha springi hupata unyumbufu wake kwa kupashwa moto tanurini, kuzimishwa ghafla, kisha kupashwa tena kwa kiasi. Fundi akikipasha kwa moto wa gesi mahali pamoja hadi kiwe chekundu, akakipinda na kukiacha kipoe, amekwisha kuiharibu kazi ile yote: mahali hapo hapo ndipo kitakapolegea au kukatika, na kwa desturi hukatika siku ya mzigo. Afadhali anayekipinda kwa nyundo bila moto. Lakini huyo naye jua kwamba springi yake itaanza kushuka tena mapema.

Ukinunua zilizotumika, zioshe kwa mafuta ya taa, uzipanguse mpaka zikauke, kisha uzipake chaki ya kawaida na kungoja kidogo. Penye ufa mafuta yatatoka na kuchora mstari juu ya chaki. Nunua za kushoto na kulia pamoja, wala usichanganye moja mpya na moja iliyochoka. Wenye Land Rover za Series wakumbuke kwamba springi ya upande wa dereva hutofautiana kidogo na ya upande wa pili.

Sasa tuseme umeyafanya hayo yote, na bado unahitaji inchi mbili zaidi. Njia ya bei nafuu iliyo salama kuliko nyingine ni kuongeza ubapa mmoja kwenye kila springi. Gari hupanda, na springi hupata nguvu ya kubeba. Hasara yake ni ugumu. Gari linalokwenda na magunia kila juma halitalalamika, ila lile linalobeba watu watatu tu litaruka kwenye kila tundu, na watakaolipa ni mama na watoto walioketi kwenye mabenchi ya nyuma. Chagua ubapa mrefu unaokaribia urefu wa springi, kwa kuwa ule mfupi huishia mahali pamoja na kuufanya mkunjo wote ujikusanye hapo. Boliti ya katikati na zile za umbo la U lazima ziwe ndefu zaidi, tena mpya, kwa sababu za zamani zimekwisha kuvutika.

Njia nyingine ni kurefusha shakeli, vile vyuma viwili vinavyoshika ncha moja ya springi. Ni rahisi mno, na hapo ndipo watu hudanganyika. Shakeli iko kwenye ncha moja tu, kwa hiyo ukiirefusha inchi mbili gari hupanda inchi moja. Nyuma haina madhara makubwa. Mbele ni habari nyingine, kwa sababu ekseli ya mbele hupinduka kidogo kila shakeli inaporefushwa. Shakeli ikiwa mbele ya springi, mhimili ambao gurudumu hugeukia huinamia mbele, na gari likishika mwendo barabara kuu huanza kutangatanga, ukawa unalirekebisha usukani bila kupumzika. Shakeli ikiwa nyuma, usukani huwa mzito na propela shafti ya mbele huingia katika pembe mbaya. Kwa mbele, zaidi ya inchi moja sishauri.

Wapo wanaoweka kipande cha chuma kati ya ekseli na springi. Pale ambapo springi imekaa juu ya ekseli ya nyuma, kipande kimoja kifupi kilichochongwa vizuri huvumilika. Mbele kisiwekwe kamwe, maana nguvu ya breki na ya usukani inaweza kukichomoa. Vipande viwili kimoja juu ya kingine, au kipande cha mbao, nimekwisha kuviona vyote viwili, na sikupanda gari hizo.

Halafu liko pendekezo linalowavutia sana vijana wenye Suzuki. Katika Suzuki SJ, kama ilivyo Land Rover za Series, ekseli imekaa juu ya springi. Fundi huihamishia chini, na gari hupanda kama inchi tano kwa mara moja, bila kununua springi yoyote. Sina ugomvi na kijana anayefanya hivyo kwa mchezo wa milimani. Lakini kazi hiyo hudai kuchomelea vikalio vipya kwenye ekseli, kuunda upya vyuma vya usukani, kurefusha mipira ya breki na kurekebisha propela shafti. Atakayekwambia kwamba ni nafuu hajakuhesabia hayo, na kwa gari la familia nasema hapana.

Kwa nini nang'ang'ania inchi mbili? Sababu kubwa ni kupinduka. Tuseme magurudumu ya gari lako yameachana sentimita 130 upande hadi upande, na kitovu cha uzito kiko sentimita 65 kutoka ardhini. Likiwa limesimama, gari hilo lingepinduka kwenye mteremko wa ubavu wa digrii 45. Kitovu kikipanda sentimita 10, lingepinduka kwenye digrii 41. Tofauti hiyo yaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini hesabu hiyo ni ya gari lililotulia. Ongeza kona, mwendo, springi zinazolalia upande mmoja, na magunia matatu ya mkaa yaliyofungwa juu ya keria, uone kinachobaki. Anayeinua gari lake hana budi kushusha mzigo wa juu na kupunguza mwendo wake wa konani, tena aanze siku ile ile anayotoka gereji.

Kazi ikikwisha usikabidhiwe ufunguo tu. Mwambie fundi aliinue gari kwa jeki kwenye chasisi mpaka magurudumu yaning'inie, kisha muingie chini pamoja. Mpira wa breki usiwe umekazana kama uzi wa zeze. Ageuze usukani kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho, muutazame tena. Shokomzoba isiwe imevutika hadi kikomo chake, maana ikiwa hivyo ndiyo itakayopokea uzito wa ekseli kila gari linaporuka, na haitadumu. Zungusha propela shafti kwa mkono usikie kama krosi zinakwama. Boliti za bushi za mpira zikazwe kabisa wakati gari limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, mpira utabaki umesokotwa siku zote na kupasuka mapema.

Taa za mbele nazo zielekezwe upya, vinginevyo utawapofusha wenzako usiku. Na ikiwa umeweka tairi zile kubwa za mfano wetu, spidomita itakuwa inakupunja: ikisoma kilomita 50, wewe unakwenda 55. Kampuni yako ya bima uijulishe mabadiliko hayo kwa maandishi.

Usiende nalo shamba siku ya kwanza. Tembea nalo mjini juma moja, bila mzigo, ukilisikiliza. Likifikisha kilomita 500 rudi chini na spana yako ukaze boliti za umbo la U zote nane, kwa sababu springi mpya hujipanga, na boliti zilizokuwa zimekaza siku ya kwanza utazikuta zimelegea. Kisha chukua futi kamba tena, upime kutoka habu hadi madigadi, na uandike vipimo vile pembeni mwa vile vya kwanza.