Hundi Isiyo na Fedha: Dawa ya Deni ni Kulipa

Ahadi ni deni, na hundi ni ahadi iliyoandikwa na kutiwa saini. Anayeipokea huwa ameshatoa mali au jasho lake: saruji imekwishapakuliwa, samaki wamekwishapimwa, fundi amekwishaezeka paa. Anapofika benki akarejeshewa karatasi ile kwa maelezo kwamba akaunti haina fedha za kutosha, hasara haiishii kwake. Naye ana wanaomdai, na nyumbani wapo wanaomsubiri. Zama hizi za kulipana kwa simu hundi zimepungua, lakini hazijatoweka. Bado zimo katika kodi za nyumba, kazi za ujenzi na biashara za jumla, hasa zile zinazoandikwa tarehe ya mbele.

Mara nyingi aliyefikwa na mkasa huu hukimbilia polisi. Hatumlaumu, maana ana uchungu. Lakini hatuna budi kujiuliza: tunataka mdaiwa afungwe, au tunataka fedha zirudi? Kwa jirani zetu wa Kenya, kifungu cha 316A cha Sheria ya Adhabu kinamtia hatiani mtoa hundi mbovu, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi mwaka 1, au faini isiyozidi shilingi 50,000 za huko, au vyote viwili. Faini huingia Serikalini, haiingii mfukoni mwa aliyedhulumiwa. Na aliye gerezani hana pa kuchuma cha kulipia.

Umoja wa Falme za Kiarabu, ambako wafanyabiashara wetu wengi hufuata bidhaa, kwa miaka mingi uliihesabu hundi iliyokosa fedha kuwa ni jinai. Tangu tarehe 2 Januari 2022 mambo yamebadilika. Ukosefu wa fedha peke yake si kosa la jinai tena. Benki inatakiwa kumlipa mwenye hundi kiasi kilichopo katika akaunti, ijapokuwa ni pungufu. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa kilichobaki, mwenye hundi huenda moja kwa moja kwa hakimu wa kukazia hukumu, bila ya kuanza kesi upya, na mali ya mdaiwa huweza kukamatwa. Lakini aliyeghushi hundi, au aliyehamisha fedha zake makusudi ili hundi isilipwe, au aliyeiamuru benki isilipe kwa nia mbaya, jinai bado inamngoja.

Hapo pana funzo: mwenye dhiki ametenganishwa na mlaghai. Tuliopitia chuoni tunajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Na aya mbili kabla yake inahimiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda. Muda huo, hata hivyo, si msamaha, na dhiki haiwi kisingizio cha kula jasho la mwenzako.

Kwa mwananchi, tunashauri mambo machache. Hundi ipelekwe benki mapema, kwani kwa desturi iliyopitwa na miezi 6 hukataliwa. Ikirudi, asiichane wala asimrejeshee aliyeitoa kabla hajalipwa. Aihifadhi pamoja na maelezo ya benki, stakabadhi na kila barua, kwa sababu hundi yenyewe ni ushahidi wa deni. Kisha amwandikie mdaiwa barua ya madai, ataje kiasi, tarehe na siku ya mwisho ya kulipa, na abaki na nakala yenye saini ya aliyeipokea. Wakipatana kulipa kwa mafungu, mapatano nayo yaandikwe. Ikishindikana, afungue shauri la madai bila ya kuchelewa, maana haki ya kudai nayo ina muda wake.

Kwa watendaji wa Serikali tunayo maneno mawili. La kwanza ni mahkama. Benki ni jambo la Muungano, lakini shauri la muuza duka wa Mkoani au Mkokotoni husikilizwa katika mahkama za Zanzibar. Tanzania Bara, Amri ya 35 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inaruhusu dai la hundi lifuate njia ya mkato: mdaiwa hawezi kujitetea mpaka kwanza apate ruhusa ya mahakama kwa kuonyesha kwamba ana hoja. Dai la hundi lipewe njia fupi na inayojulikana huku kwetu pia, na hukumu ikishatolewa ikaziwe. Hukumu inayolala kabatini haina tofauti na hundi iliyorudi.

La pili ni ofisi zenyewe. Mkandarasi aliyemaliza kazi ya umma akazungushwa kwa miezi kuhusu malipo yake, ndiye huyo huyo anayewaandikia mafundi hundi kwa matumaini. Hatumtetei, asiandike asichonacho. Lakini ofisi inayochelewesha malipo haiwezi kujitoa katika lawama.

Dawa ya deni ni kulipa. Aliyekwama na alipe kidogo kidogo, mlaghai aandamwe na sheria, na ofisi zetu ziwe za mwanzo kutimiza ahadi zao.