Jaribio lililorukwa halijafaulu

QEMU, programu huria inayoiga kompyuta nzima ndani ya kompyuta nyingine, inaweza kuundwa bila msaada wa OpenGL, yaani bila njia ya kuharakisha picha za pande tatu. Jaribio la kiotomatiki linalohitaji OpenGL likiikuta hivyo, kusema limeshindwa ni kuisingizia programu; kusema limefaulu ni uongo, tena ulio mbaya zaidi. Liulize kwanza kama kifaa cha michoro kipo. Kisipokuwepo, lirukwe na sababu iandikwe. Wapo wanaohofia kwamba kuruka kutazoeleka, hitilafu zijifiche. Wana hoja, ila dawa ni kutenga walau mashine moja yenye michoro kamili, ambako kuruka kunahesabiwa kushindwa. Gharama? Mesa, maktaba huria ya michoro, ina llvmpipe, kiendeshi kinachochora kwa prosesa tu. Kukosa kadi ya michoro si kisingizio.