Kwetu Sio Adhabu

Haya wadau, mitihani imeisha, vimbweta vimebaki vitupu, kila mtu yuko kwenye kuaga. Nilitaka na mimi niandike shukrani tu nimalize. Lakini wiki hii nimeulizwa swali moja zaidi ya mara tano, tena na watu ninaokula nao sahani moja: "Yaani usome yote hayo, halafu ukafundishe Mafia?"

Ndiyo. Ajira za walimu zikitangazwa naomba kwetu, Baleni ikiwezekana, hesabu na fizikia. Sasa nielezeni kinachochekesha ni nini.

Mnanishangaza nyie hasa. Miaka mitatu hapa tumeishi kwa kubebana. Kitanda kimoja watu wawili, mzungu wa nne, na msimamizi wa hosteli akigonga mlango mmoja anajifanya mgeni aliyekuja kuazima daftari. Boom likichelewa, ugali ulikuwa wa chumba kizima na hakuna aliyeuliza unga ni wa nani. Desa likipatikana, linapigwa fotokopi usiku huohuo mpaka mtu wa mwisho apate. Hakuna profesa aliyetufundisha hayo, na kwangu mimi ndiyo elimu bora tuliyoipata. Leo tunapima majoho, na anayesema ataendelea kubeba watu anaonekana kachanganyikiwa!

Halafu kuna historia mnayopenda kuisimulia. Oktoba 22, 1966 babu zetu wa Mlimani waliandamana mpaka Ikulu kupinga JKT la lazima: miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Bango moja lilisema hata wakoloni walikuwa afadhali. Nyerere akawatimua karibu 400, na mwenyewe akajikata asilimia 20 ya mshahara wake. Nyie mnaona vijana majasiri na mzee mkali. Mimi naona kitu kingine: adhabu yenyewe ilikuwa kurudishwa makwao vijijini. Yaani kijiji ndipo anapotupwa msomi aliyekosea! Hiyo fikra tumeirithi, tena bila hata kuandamana.

Msidhani nawapigia debe wakubwa. Nyerere huyohuyo alitufananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda kuleta msaada. Asiporudi ni msaliti. Enzi zile sawa. Siku hizi chakula chenyewe wengi tumekopeshwa, na ukiajiriwa Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara kila mwezi (nitalipa, sigombani). Kwa hiyo mheshimiwa akisimama kwenye mahafali kutuambia tukajitolee vijijini, swali langu ni moja: nyumba ya mwalimu iko wapi? Sirudi kwa ajili ya hotuba ya mtu.

Narudi kwa sababu ya nilichokiona kwa macho. Nilipokuwa sekondari, mwalimu wetu wa fizikia alikaa muhula mmoja akahama. Simlaumu, hakuwa na ndugu wala chumba. Tukabaki tunafundishana, aliyeelewa anambeba asiyeelewa, mpaka mtihani. Darasa lile lilikuwa na vichwa jamani! Kuna jamaa alikuwa ananipiga bao kwenye hesabu kila jaribio, kila jaribio, wala hakuwa anapiga msuli kama mimi. Leo anakwea minazi. Hakuna ubaya kukwea minazi, baba yangu amenisomesha kwa nazi. Ila yule hakuchagua, na wapo wadogo zake wawili wanakaribia kidato cha kwanza.

Mnasema mbali. Mbagala, gari mpaka Nyamisati, chombo mpaka Kilindoni, gari tena, umefika. Mzungu anatoka Ujerumani kuja kuogelea na papa potwe pale Kilindoni, mnamwita mjanja anayejua kuishi. Mimi nikienda hapohapo nimepotea? Kwi kwi kwi!

Atakayetaka kuja mwezi wa kumi na mbili, papa potwe wanakuwepo, aniambie mapema. Kitanda nitakuwa nacho kimoja, mtajua wenyewe mtakavyolala.