Mawazo ya Gandhi yalitoka wapi?

Wako watu wasemao kwamba Gandhi aliazima mawazo yake yote kwa Wazungu. Sisi twakataa. Kweli, mwaka 1904, ndani ya gari la moshi toka Johannesburg kwenda Durban, alisoma kitabu cha Mwingereza Ruskin, na mwaka ule ule akaanzisha shamba la Phoenix. Kweli pia aliandikiana barua na Tolstoy, Mrusi, miaka 1909 na 1910. Lakini Thoreau wa Amerika? Septemba 1906 Wahindi wa Transvaal walikwisha kuapa kutotii sheria ya kuandikishwa kwa alama za vidole. Maandiko ya Thoreau Gandhi aliyapata baadaye. Alisema hivyo mwenyewe mwaka 1935.

Na sisi Wakristo tusijisifu upesi! Mahubiri ya Yesu mlimani yalimgusa sana moyoni. Lakini ahimsa, yaani kutodhuru kiumbe cho chote, Wajaini wa Gujarat walikuwa nayo karne nyingi, na Raychandbhai, Mjaini mfanya biashara ya vito huko Bombay, alimwongoza kwa maisha yake, si kwa vitabu.

Tena, katika Hind Swaraj, kilichoandikwa melini mwaka 1909 kwa Kigujarati, Gandhi awakaripia Wahindi waliotaka kumfukuza Mwingereza na kubaki na ustaarabu wake. Huyo ndiye mwigaji wa Ulaya?