Karani na Kalamu Yake

Wako vijana wasemao kuwa mtunzi hawezi kuwa mkweli wa nafsi yake mpaka aache kazi ya mshahara. Neno hili nalisikia hata hapa Mbezi Luis, nami nalikataa. Shaaban Robert alikuwa karani wa Forodha tangu 1926 hata 1944. Baadaye utumishi ukampeleka Mpwapwa, kisha Tanga. Mchana ulikuwa wa wakubwa wake. Saa zilizosalia zilikuwa zake, na humo mlimotoka tungo tunazozisoma leo. Je, alikuwa mwongo? Euphrase Kezilahabi naye alikula mshahara wa ualimu, na mwaka 1974 akatoa Kichomi, mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani. Washika kanuni wakamrukia. Mwajiri hakumziba kinywa, wala hao hawakuweza. Kinachomziba mtunzi ni tamaa ya kupendeza watu, nayo (nimeiona kwa wasio na kazi yoyote) haihitaji mwajiri. Nimewaomba wawili katika vijana hao waniletee walichoandika tangu waache kazi. Mwaka umepita, nami ningali nangoja.